Salamu Zilizoitwa Taka

Ambositra, 3 Machi

Mwanangu Njaka,

Nakusalimu wewe na mkeo Mirana, na pua ya mtoto wenu ambayo nasikia bado inatiririka. Mpakeni mafuta ya moto kifuani, muache hizo dawa za maji ya rangi. Sisi huku wazima. Kimbunga kilitupita kwa mbali, kimetuachia mvua tu na barabara iliyokatika mahali pawili, kwa hiyo barua hii ikifika imelowa, ujue ni mvua, sikulia. Baba yako mdogo Edmond amepungukiwa ng'ombe mmoja. Yeye anasema kaibiwa, mimi nasema kamuuza na anamwogopa mkewe. Mpunga umesimama vizuri. Mwezi wa nane tunafungua kaburi la wazee wetu kuwavisha sanda mpya, na kununua sanda ya babu kumeangukia kwako. Usijifanye hukusikia.

Sasa lililonikalisha mezani. Sahondra wangu amemaliza shule, na matokeo yake umeyaona. Tangu siku ile alipompokea mtoto wa mwisho wa jirani yetu Mama Lanto kabla mkunga hajafika, hana neno lingine mdomoni isipokuwa ukunga. Akilala ni ukunga, akiamka ni ukunga. Chuo chenu cha Masoandro kinataka barua ya maombi itoke kwa mzazi, kwa barua pepe, na vyeti ndani yake. Nimeiandika mwenyewe kwenye kibanda cha intaneti cha Faly. Nimeiandika vizuri. Maisha yangu yote ubaoni nimefundisha watoto wa wilaya hii namna ya kuandika barua ya kuomba, siwezi kushindwa na yangu mwenyewe. Nimetuma mara tatu. Kimya. Mtoto wa daktari wa hapa, aliyetuma nyuma yangu, ameshapewa siku ya usaili.

Nilipiga simu chuoni. Mama mmoja akaniambia, "Hatujaona kitu chako, mama. Kingekuja tungekiona." Akakata. Nikakupigia wewe, ukasema, "Shangazi, niko kazini," ukakata. Basi nakuandikia, maana karatasi haina pa kukatia.

Faly ananiambia pale chuoni barua zote zinapita kwenye lango la mashine na kupekuliwa, na kwamba iko orodha ya watu wanaopita bila kupekuliwa, na mshika orodha ni wewe. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu. Kumbe shida yangu ipo mikononi mwa mtoto niliyemwogesha! Niandike humo, mwanangu. Mwisho wa maombi ni tarehe thelathini na moja ya mwezi huu.

Usile ukiwa umesimama.

Shangazi yako,
Honorine


Antananarivo, 14 Machi

Shangazi mpendwa,

Salamu zimefika. Mtoto amepona, kwa dawa ya maji ya rangi. Mirana anakusalimu, anauliza kama yale maharagwe meupe ya kwenu yapo bado. Barua yako ilikaa kwa dereva wa basi anayetubebea barua mpaka barabara ilipotengenezwa, ndiyo sababu nimechelewa. Habari ya sanda nimeisikia.

Nimezitafuta barua zako za chuo. Zimefika zote. Zipo karantini, pale seva inapoweka barua taka kabla ya kuzifuta. Tafadhali usikasirike kwa neno hilo, ni neno la kazi tu.

Mambo yanakwenda hivi. Kila barua inayoingia, mashine inaipa alama za mashaka. Alama zikifika tano, barua haimfikii mtu. Yako ilizivuka mbali. Jina lako peke yake limekula alama moja: mashine ikiona Rasoanandrianjanahary inadhani ni herufi zilizomwagwa na kompyuta. Halafu ule ufunguzi wako. Unaomba radhi kwa mbingu, kwa ardhi, kwa wakubwa, kwa wadogo, unamtaja marehemu mumeo, unambariki mtu usiyemjua, ndipo unaomba. Matapeli wa dunia nzima wanaandika hivyohivyo: heshima nyingi, marehemu, baraka, kisha ombi. Tena mashine imeona barua nyingine zinazoanza kwa maneno yaleyale kutoka kwa watu mbalimbali, na hiyo kwake ni dalili kubwa kuliko zote.

Kuhusu orodha ya wanaoruhusiwa, siwezi. Bwana Hery aliyekuwa na kazi hii kabla yangu aliandika humo kila ndugu na kila rafiki wa kila mtu. Anwani ikishaingia kwenye orodha, mashine haiangalii tena, na yeyote anayejibandika anwani hiyo anapita. Siku moja mtu alijifanya shemeji yake Hery, akaingiza faili bovu, na matokeo ya mitihani ya mwaka mzima yakafungwa yasifunguke. Wanafunzi walirudia mitihani wakilia. Mimi nilipokabidhiwa nilifuta majina yote, nikaacha hospitali, wizara na kampuni ya umeme. Nikaapa hataingia ndugu wa mtu, wangu wala wa mkuu. Hata kuitoa barua karantini kwa mkono ni lazima mkuu wa chuo akubali.

Dawa ni nyepesi. Andika upya kwa kifupi. Jina la mtoto, unachoomba, vyeti. Itapita.

Wako,
Njaka


Ambositra, 25 Machi

Njaka,

Nakusalimu kwa sababu nililelewa. Mkeo mwambie maharagwe yapo, nitampa dereva. Edmond kakiri habari ya ng'ombe, mkewe hapiki siku ya tatu leo, kaka yangu anazunguka kwa majirani saa za kula kama mgeni aliyepotea njia. Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa nisikilize.

Taka! Mimi? Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Kampuni ya umeme inapita bila kuulizwa, ile inayotukatia taa siku ya harusi, na mimi niliyekutoa funza miguuni ninawekwa kwenye pipa! Unasema matapeli wanaanza kwa heshima. Wameitoa wapi heshima hiyo? Wameiiba kwetu. Kwa hiyo mwizi akivaa joho la padri, nyinyi mnamkamata padri? Na jina langu ni la bibi yake baba yako. Alilibeba miaka themanini na hakuna aliyemwambia limemwagwa.

Nikueleze maneno hayo ni nini, kwa kuwa mji umekusahaulisha. "Naomba radhi kwa mbingu iliyo juu na ardhi inayonibeba. Naomba radhi kwa walionitangulia, maana nasema kabla ya zamu yao, na kwa wadogo, maana nawakingia mwanga. Si mimi niliyestahili kusimama hapa, ni haja iliyonisukuma." Mtu akisema hivyo anavua viatu kabla ya kuingia ndani. Anamwambia mwenye nyumba: najua hii ni yako, najua unaweza kunikatalia. Wewe unataka niingie na matope nikachote chakula sufuriani.

Na kitu kingine. Maneno hayo, kwa mpango ule, hayamo kwenye kitabu chochote. Niliyapanga mimi nilipokuwa mwalimu kijana, nikayafundisha darasa baada ya darasa. Wewe uliyasema mbele ya wenzako darasani kwangu. Hizo barua nyingine zenye maneno yangu ni za nani, Njaka? Hukuniambia.

Lakini mimi ni mama, na mama anameza. Sahondra alinishika mkono akasema, "Mama, tufanye wanavyotaka, tarehe inakimbia." Tukaenda kwa Faly. Tukaandika: Namwombea binti yangu Sahondra nafasi ya ukunga. Vyeti vimeambatishwa. Honorine. Faly akasema, "Imekwenda, Mwalimu!" Mimi nikajiona kama nimetema mate barazani kwa mtu.

Ikapita. Hongera kwa mashine yako. Na majibu yakaja siku ya pili yake, nakunakilia yalivyo, yamesainiwa na Bi Vololona, katibu wenu:

"Mama, hapa si sokoni. Hukunisalimu, hukuniuliza hali, hukujitambulisha wewe ni nani. Tunalea wakunga, na ukunga unaanza kwa adabu. Mtoto hulelewa na mamaye. Maombi haya hayatashughulikiwa."

Umeona? Nikiwa na adabu mashine inanitupa. Nikiikosa, watu wananitupa. Niambie sasa Sahondra wangu apite wapi. Zimebaki siku chache, na mtoto haongei, anafua nguo ambazo hazijachafuka.

Honorine


Ambositra, 4 Aprili

Njaka,

Hamjambo huko. Huku tunavuna.

Tarehe imepita. Dereva amekuja mara mbili, nikamuuliza mara mbili, mara mbili akanionyesha mikono mitupu. Mgonjwa? Umesafiri? Au umeniweka karantini na karatasi yangu?

Honorine


Antananarivo, 11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa kungoja. Sikuwa mgonjwa. Maharagwe yamefika, Mirana aliyapika na nyama ya nguruwe, tukakukumbuka.

Ulipotuma nakala ya majibu yale nilikwenda kwa Bi Vololona. Nilimkuta ameishika barua yako fupi bado, amekasirika. Akaniambia, "Hivi huyu ndiye shangazi yako unayetusimulia kila siku? Mwalimu wa watu? Mbona hana hata hujambo?"

Nikamjibu, "Anazo salamu, tena nyingi. Zimezuiwa langoni."

Akacheka. Alidhani namtania.

Nilirudi mezani kwangu nikafungua karantini. Kwa kawaida naangalia vichwa vya barua tu, naona alama, nafunga. Siku hiyo nilisoma barua zenyewe, toka baada ya chakula cha mchana mpaka mlinzi alipokuja kufunga ofisi. Ni za wazazi, Shangazi. Wengi ni wa upande wa kwetu: Ambositra, Ivato, Ambohimahazo. Sitakuambia ni wangapi. Watoto wa mjini, ambao wazazi wao wanaandika mistari miwili ya Kifaransa, wamepita wote. Na seva inafuta kila taka ikifikisha miezi mitatu, kwa hiyo nilizozisoma ni zile zilizobaki.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo. Nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, akaninywesha kahawa. Kisha akasema, "Muweke shangazi yako kwenye orodha, mambo yaishe."

"Na hao wengine, mheshimiwa?"

"Wengine si shangazi zako, Njaka. Ukianza kufukua karantini, kesho utaniletea magazeti hapa. Mashine ilikosea, basi, mashine huwa zinakosea."

Nimefanya alivyosema. Jina lako limo. Ni jina la kwanza la ndugu kuingia tangu nishike kazi hii. Andika tena kwa Bi Vololona, andika upendavyo, hata kurasa kumi, hakuna kitakachoguswa. Mkuu amekubali kumpokea Sahondra kwenye usaili ingawa tarehe imepita. Naomba tu usimwambie mtu yeyote.

Mashine imekosea, Shangazi. Naomba radhi kwa niaba yake.

Njaka


Ambositra, 27 Aprili

Mwanangu Njaka,

Nakusalimu wewe na wa nyumbani mwako. Mpunga umeingia ghalani, tena zaidi ya mwaka jana. Edmond na mkewe wamepatana, kamnunulia mwavuli. Mimi goti la kulia linaniuma asubuhi, likipata jua linanyamaza.

Barua yako niliipata siku nyingi zilizopita. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro, na Sahondra sikumwambia. Ningeweza kukuambia nilikuwa nafikiri kwa hekima. Sikuwa. Nilikuwa nimefurahi, na nilitafuta namna ya kufurahi bila kuonwa na majirani. Nilishachagua hata gauni atakalovaa.

Kisha akaja Mama Lanto. Alikuja na kuku, kamfunga miguu vizuri, akakaa mlangoni hataki kuingia ndani. Nikamwambia, "Mama Lanto, kuku wa nini?"

Akasema, "Mwalimu, nimekuja unisaidie. Ile barua ya Lanto ya chuo cha wakunga niliandika ulivyonifundisha shuleni. Hawakunijibu. Nimefikiri sana, nadhani sikuomba radhi ya kutosha. Labda wale ni watu wakubwa zaidi. Niongezee maneno, Mwalimu. Niandikie ndefu zaidi."

Njaka, sikuweza kumtazama. Mwanamke yule anadhani hakunyenyekea vya kutosha! Amelala na wazo hilo tangu mwezi wa pili, anajipekua yeye, anapekua ulimi wake, anatafuta kosa lake. Na barua yako iko chini ya godoro langu inasema hao wengine si shangazi zako.

Nikaitoa nikampa Sahondra aisome. Alikwenda nje, akakaa na kuku wetu, akarudi, akasema, "Lanto ndiye alinifundisha hesabu, Mama. Toka darasa la tatu." Halafu akaenda kulala, na mimi nikajua nimepewa jibu.

Kwa hiyo, nitoe kwenye orodha yako. Nitoe leo. Nilikuomba uniandike humo, ni kweli, nilikuomba nikidhani mashine imeniudhi mimi tu. Sikukuomba unipitishe uani huku wenzangu wamesimama mvuani barazani.

Na ile radhi yako kwa niaba ya mashine irudishe ulikoitoa. Mimi nimekaa na watoto maisha yangu yote. Aliyeangusha wino anasema wino umemwagika. Aliyevunja kioo anasema kioo kimevunjika. Wewe umeniandikia "mashine" mpaka karatasi imechoka. Mashine hiyo ilitengenezwa ng'ambo, haijui lugha yetu hata neno moja. Ilijuaje kwamba maneno haya ni ya wezi? Kuna mtu aliiketisha akaifundisha. Akaichukulia barua, akaionyesha: hii ni taka, na hii ni taka. Na mtu huyo anasoma lugha yetu vizuri sana. Nadhani namjua aliyemfundisha kusoma.

Kuku nimemkataa. Mama Lanto kaenda naye nyumbani akidhani nimemkatalia na barua.

Shangazi yako,
Honorine


Antananarivo, 16 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Naanza kwa salamu, na safari hii siharakishi. Natumaini goti limepoa. Mirana amekutumia dawa ya kuchua kwa dereva huyuhuyu, ipakwe jioni, si asubuhi. Mtoto ameanza kutembea. Anaangukia matako, anatutazama kuona kama tumeona. Sanda ya babu nimeinunua, ni hariri ya kwenu, yenye mistari myekundu.

Jina lako nimelitoa kwenye orodha siku niliyoipata barua yako.

Kisha nilizitoa barua zote karantini bila kumuuliza mtu. Nikazichapisha, nikazibeba mikono miwili mpaka kwa Bi Vololona, nikaziweka mezani kwake juu ya kila alichokuwa akifanya. Akasema, "Nini hiki?" Nikamwambia asome yoyote. Aliokota ya juu, ilikuwa ya Mama Lanto. Akaanza kusoma kwa sauti, kwa mzaha kidogo. Alipofika penye wadogo wanaokingiwa mwanga, sauti ikabadilika, akavua miwani.

"Watu wametuandikia hivi," akasema. "Na sisi tumewajibu nini?"

"Hatukuwajibu."

"Hatukuwajibu!" Alipiga meza, kikombe kikaruka. "Na yule mama wa ile barua fupi, naye aliandika hivi hivi? Mimi nimemwambia hana adabu?"

Nikamwambia ndiye aliyeyapanga maneno hayo.

Sijawahi kumwona mtu mnene akipanda ngazi namna ile. Nilimfuata nyuma. Aliingia kwa mkuu bila kubisha, akasema, "Mheshimiwa, nimemtukana mama wa watu kwa kukosa adabu, kumbe adabu yake mmeifungia stoo! Mimi nina miaka ishirini kwenye kiti kile. Leo ndiyo mara ya kwanza naona aibu kukikalia." Mkuu akasema tutazungumza. Yeye akasema hazungumzi, anakaa hapohapo mpaka siku ya usaili itajwe. Akakaa. Aliagiza na chai.

Usaili wa nyongeza utakuwa tarehe sita Juni. Nafasi zilizobaki ni chache, sikufichi. Wale ambao barua zao zimeshafutwa, anwani zao zimebaki kwenye kumbukumbu za seva, nimemwandikia kila mmoja wao. Nilianza kwa kuomba radhi kwa mbingu na kwa ardhi, na niliyamaliza yote, hata ya wadogo. Niliyaandika kwa mpango uleule wa darasani. Somo lile nimeliondoa kwenye mashine, na kuanzia sasa Bi Vololona anapitia karantini kila asubuhi kwa macho yake mwenyewe, na ufunguo wa karantini anao yeye, si mimi.

Swali lako la mwisho nimelisoma mara nyingi. Jibu unalo.

Waambie Sahondra na Lanto walale kwetu.

Mwanao,
Njaka


Ambositra, 19 Juni

Mwanangu Njaka,

Nakusalimu wewe, Mirana, na mtembezi wenu mpya. Dawa ya goti ni nzuri, inanuka kama duka la rangi lakini ni nzuri. Watoto wa mtaani wameanza kutengeneza taa za karatasi za sikukuu ya uhuru. Edmond ameshaunguza moja kabla ya siku. Asante kwa kuwalaza wale wasichana na kuwalisha. Wamerudi na hadithi za kitanda chenu kinacholia.

Wamerudi na hadithi nyingine ambayo hukuniandikia. Sahondra anasema hukai tena chumba cha seva. Anasema alikukuta ghorofa ya chini, kwenye chumba kisicho na dirisha, unatengeneza mashine za kuchapisha, mikono ina wino mweusi, ukamwambia, "Ni kwa muda tu." Kwa muda tu! Nimekasirika mpaka nimesahau chungu jikoni, wali umeungua. Mkuu wenu anamtoa langoni mtu aliyelifungua, na yeye anabaki kwenye kiti chake na kahawa yake. Nitamwandikia. Nitamwandikia kwa ufunguzi wote, na nikishamaliza kuomba radhi, nitamwambia.

Na wewe usidhani nimesahau ulichoifundisha mashine ile. Sijasahau. Lakini kila barua uliitoa kwa mkono wako mwenyewe, na mtu wa namna hiyo ana nafasi mezani kwangu. Njoo mapema mwezi wa nane, usije siku ya sherehe kama mgeni.

Sasa matokeo. Unajua wewe umeyaona kabla yangu, na ukaogopa kuniandikia. Lanto amepata. Mama Lanto alikimbia kutoka kwa Faly mpaka kwangu bila viatu, akapiga kelele mtaa mzima ukatoka, kisha akakumbuka jina la Sahondra halimo, akaziba mdomo. Nikamwambia, "Endelea kupiga kelele, mwanamke, usiniletee msiba hapa." Tukapiga kelele wote wawili. Yangu haikuwa ya furaha tupu, lakini nilipiga.

Sahondra amekosa. Walimuuliza afanye nini mzazi akitokwa na damu nyingi baada ya mtoto kutoka, naye kwa haraka ya kutaka kuwafurahisha akaanza na mtoto. Bi Vololona alimfuata mpaka kwenye ngazi, akamshika bega, akamweleza alipokosea, akamwambia mwakani arudi. Tena akamtuma aniombe mimi radhi, kwa maneno yote. Mtoto aliyabeba mpaka huku bila kuangusha hata moja.

Usiku alilia. Nilikaa naye kitandani. Nilikuwa na hasira tayari, Njaka, unanijua, nilishaanza kuhesabu nani nimtukane: mkuu, Antananarivo nzima, mtoto wa daktari. Nikamwambia, "Nani amekuonea? Niambie."

Akafuta pua kwa mkono, akasema, "Hakuna, Mama. Wameniuliza mimi, nikakosea mimi."

Sikuwa na wa kumtukana. Nilizima taa nikamwacha alie mpaka aliposhiba.

Shangazi yako anayekungoja,
Honorine Rasoanandrianjanahary